Chesebrough: Mkemia aliyeyatoa mafuta ya mgando katika uchafu wa visima

MSIMU wa baridi unapobisha hodi jijini Nairobi, kati ya Juni na Agosti, kuna bidhaa mbili ambazo wenye maduka madogo ya Kibera na Kawangware hujitahidi zisiwaishie. Ya kwanza ni mafuta ya taa, ambayo baadhi ya familia zingali zinayanunua kwa chupa ili kuwasha stovu. Ya pili ni mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, yanayouzwa katika vikopo vidogo vinavyotoshea kiganjani.

Ni wanunuzi wachache wanaofahamu kwamba bidhaa hizo mbili ni ndugu wa toka nitoke, zilizotoka katika pipa moja la mafuta ghafi. Wachache zaidi wanamjua mtu aliyeingia katika biashara ya ya kwanza na kujipatia umaarufu kwa ya pili. Mtu huyo ni Robert Augustus Chesebrough, mkemia wa Marekani.

Jina lake ni gumu kulitamka na hata kwao si wengi wanaolikumbuka. Lakini jina alilolipa zao lake, Vaseline, limezoeleka kiasi kwamba watu wengi hulitumia kuyaitia hata mafuta ya mgando yaliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa.

Chesebrough alizaliwa jijini London, Uingereza, mnamo Januari 9, 1837, na wazazi waliokuwa Wamarekani. Alilelewa New York, akajifunza kemia, na angali kijana akaingia katika biashara ya mafuta ya kuwashia taa.

Enzi hizo mwangaza wa usiku ulitegemea sana nyangumi. Wavuvi walimwinda mnyama huyo kwenye bahari za mbali, mafuta yake yakayeyushwa na kusafishwa, kisha yakauzwa mijini. Chesebrough alikuwa miongoni mwa waliojichumia riziki kwa kuyasafisha mafuta ya aina hiyo ili yawake bila moshi mwingi.

Riziki hiyo iliingia hatarini mnamo Agosti 1859. Katika kijiji cha Titusville, jimboni Pennsylvania, Edwin Drake alichimba kisima na kupata mafuta ya petroli yaliyokuwa yamejificha ardhini. Ilibainika upesi kwamba mafuta ya taa yangeweza kupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu bila mtu kupanda merikebu.

Kijana huyo wa miaka 22 hakukaa kitako kulilia biashara iliyokuwa ikiota mbawa. Alifunga safari hadi Titusville akajionee mwenyewe kilichokuwa kikimnyang'anya tonge mdomoni.

Alichokiona huko hakikuwa alichokitarajia. Wafanyakazi wa visimani walikuwa wakilalamikia uchafu mzito, mweusi, unaofanana na nta, uliokuwa ukigandamana kwenye vyuma vya pampu na kuzisimamisha mashine. Kila mara walilazimika kuukwangua na kuutupa. Hata hivyo, wafanyakazi hao hao walipojikata au kuungua, waliuchota uchafu huo huo wakajipaka kwenye jeraha.

Wengine wangelicheka na kwenda zao. Chesebrough aliutia uchafu huo chomboni akarejea nao katika maabara yake Brooklyn.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kana kwamba uvumbuzi ulikamilika siku hiyo. Sivyo. Ilimchukua takriban mwongo mzima kuupata ufundi wa kuutakasa uchafu ule. Aliukanza, akauchuja tena na tena kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, mbinu ambayo viwanda vya sukari viliitumia pia kuing'arisha sukari. Hatimaye akapata mafuta mazito, meupe yanayopenyeza nuru, yasiyo na harufu wala ladha.

Sifa yake kubwa zaidi, ambayo leo haizungumzwi sana, ni kwamba mafuta hayo hayakuvunda. Marhamu za zamani zilitengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, samli au mafuta ya mbegu, na baada ya muda zilioza na kunuka. Huku kwetu pia, mafuta ya mbarika yaliyotumiwa na jamii za bara na yale ya nazi yaliyopendwa Pwani yalikuwa mazuri yakiwa mabichi, ila hayakustahimili kuwekwa muda mrefu. Zao la Chesebrough liliweza kukaa kwenye rafu miezi na miezi likabaki lilivyokuwa.

Inasimuliwa kwamba mkemia huyo alijifanya yeye mwenyewe kuwa mgonjwa wa majaribio. Alijikata na kujiunguza ngozi, akaipaka mafuta yake, kisha akasubiri aone kitakachotokea.

Mnamo 1870 alifungua kiwanda Brooklyn. Juni 4, 1872 akapewa hataza nambari 127,568 ya Marekani kwa uvumbuzi huo. Ajabu ni kwamba katika maelezo yake ya hataza ngozi ya binadamu haikupewa nafasi ya kwanza. Aliyataja mafuta hayo kuwa yanafaa kulainisha ngozi za kutengenezea bidhaa, kupunguza msuguano katika mashine na kupaka nywele, na pia kutunza mikono iliyopasuka kwa baridi.

Kuhusu jina Vaseline, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba aliunganisha neno la Kijerumani lenye maana ya maji na neno la Kigiriki lenye maana ya mafuta. Wapo pia wanaodai kwamba lilitokana na vyombo vya kuwekea maua alivyotumia kuhifadhia mafuta hayo maabarani, ingawa maelezo haya yanaonekana kupambwa mno.

Wenye maduka ya dawa hawakumchangamkia. Mafuta yasiyonuka wala kuwasha yalionekana hayana nguvu, kwani wateja wa wakati ule waliamini kwamba dawa ni sharti iume.

Mkono mtupu haulambwi. Chesebrough alipakia vikopo kwenye mkokoteni wa farasi, akazunguka katika vitongoji vya jimbo la New York akivigawa bure. Inaelezwa kwamba alikuwa akijiunguza ngozi mbele ya umati, akijipaka mafuta, kisha akiwaonyesha makovu ya siku zilizotangulia yaliyokwisha kupona. Waliopewa bure walipoishiwa walikwenda kuwaulizia wenye maduka, na hao wakalazimika kuagiza. Mkazi yeyote wa Kawangware aliyewahi kumsikiliza mchuuzi wa dawa akinadi kwa kipaza sauti kwenye kituo cha matatu ataitambua mbinu hiyo mara moja.

Tofauti ni kwamba bidhaa ya Chesebrough ilifanya kazi. Ila haikufanya kazi kwa njia aliyoidhania, na hapa ndipo hadithi yake inapowagusa walio na mafua.

Mvumbuzi huyo aliamini, au walau alitangaza, kwamba mafuta yake yana uwezo wa kuponya. Sayansi imeonyesha kwamba hayana dawa yoyote ndani yake. Hayaui viini, hayalishi ngozi, wala hayaongezi hata tone la maji. Kazi yake ni moja tu: kuziba. Yakipakwa hutandaza utando mwembamba unaozuia maji yaliyomo ngozini yasiponyoke, na chini ya utando huo ngozi hupata nafasi ya kujirekebisha yenyewe.

Pua ya mtu mwenye mafua huhitaji kazi hiyo hasa. Anayepenga kamasi mara kadhaa kwa saa huondoa, kwa kila mfuto, sehemu ya mafuta ya asili yanayoilinda ngozi. Unyevu wa kamasi huilowesha, upepo huikausha, na baada ya siku mbili tatu ngozi iliyo chini ya mianzi ya pua huwa nyekundu, hupasuka na kuwasha kama iliyomwagiwa pilipili. Ndani nako, utando laini wa pua hukauka, hufanya magaga na wakati mwingine kutoka damu.

Mazingira ya Kibera na Kawangware huyazidisha mateso haya. Nyumba nyingi za mabati hazizuii baridi ya usiku, na moshi wa jiko la makaa au wa stovu ndani ya chumba kimoja huukera utando ambao tayari umevimba. Katika miezi ya kiangazi ya Januari na Februari, baridi inapopungua, vumbi la vichochoro huchukua zamu.

Utunzaji wa pua kama hiyo hauhitaji gharama kubwa, ila unahitaji utaratibu. Kwanza ni kuacha kusugua. Pua hukaushwa kwa kugusagusa taratibu kwa kitambaa safi cha pamba au shashi laini. Karatasi ngumu, na hapa hata ukurasa wa gazeti hausameheki, huchubua.

Pili, ngozi iliyoumia huoshwa kwa maji vuguvugu na kupanguswa bila kukaushwa kabisa. Mafuta ya mgando hupakwa wakati huo ngozi ingali na unyevu, kwa sababu kinachozibiwa ndani ndicho kinachohifadhiwa. Anayeyapaka juu ya ngozi kavu huhifadhi ukavu. Kiasi kisichozidi ukubwa wa punje ya dengu chatosha kwa ngozi ya nje na ukingo wa tundu za pua, na hurudiwa baada ya kupenga na kabla ya kulala.

Jambo moja ambalo familia nyingi hulipuuza ni kikopo chenyewe. Mahali ambapo watu watano au sita hujipaka kutoka kwa kikopo kimoja, kidole kilichotoka kufuta kamasi kikitumbukizwa humo, mafua huwa yamepata usafiri. Ni heri kuchota kwa kijiko safi na kupaka kwa mikono iliyonawiwa, au mgonjwa atengewe chake.

Kwa ukavu wa ndani ya pua, kinachofaa ni maji ya chumvi wala si mafuta. Robo ya kijiko cha chai ya chumvi katika kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hutosha. Matone machache kila upande hulainisha magaga na kuyeyusha kamasi iliyokauka. Kwa mtoto mchanga, matone hayo kabla ya kunyonya humwezesha kupumua akiwa titini.

Neno la kuzingatiwa hapo ni kuchemshwa. Wakazi wengi wa Kibera hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na mengi hupitia mabomba ya plastiki yanayokatiza kwenye mitaro ya majitaka. Maji hayo hayafai kutiwa puani yakiwa mabichi. Kuyachemsha nako ni gharama ya makaa, gesi au mafuta ya taa. Hivyo, bei ya zao la kwanza la lile pipa huamua kama mama ataweza kumtunza mwanawe pua, hata kama kikopo cha zao la pili anacho tayari.

Kuna kosa jingine lililo kubwa zaidi, na Chesebrough mwenyewe, kwa namna alivyoishi, hawezi kuepuka sehemu ya lawama. Alikuwa na mazoea ya kula kijiko kizima cha mafuta yake kila siku, na inasimuliwa kwamba alipougua ugonjwa wa utando wa mapafu akiwa na umri wa miaka ya hamsini, alimwamuru muuguzi wake ampake mafuta hayo tangu utosini hadi nyayoni. Alipona, na imani yake ikazidi. Watu wengi nao wakaamini kwamba kitu hicho hakiwezi kumdhuru mtu kwa namna yoyote.

Mnamo 1925, Chesebrough akiwa na umri wa miaka 88, daktari Laughlen wa Toronto, Canada, alichapisha maelezo kuhusu wagonjwa ambao mapafu yao yaliharibiwa na mafuta. Mafuta hayo yalikuwa yametiwa puani au kunywewa kama dawa ya kulainisha choo, kisha yakateremka hadi mapafuni badala ya tumboni. Mapafu hayana njia nyepesi ya kuyatoa mafuta ya petroli. Hubaki humo na kusababisha aina ya nimonia.

Hatari hiyo haitokani na kupaka kidogo ukingoni mwa pua kwa siku chache za mafua. Hutokana na mazoea ya kusokomeza mafuta mengi ndani ya pua, hasa wakati wa kulala, kwa wiki na miezi. Kwa watoto wachanga, ambao hupaliwa kwa urahisi, mafuta ya aina yoyote hayapaswi kutiwa ndani ya pua hata kidogo. Marhamu zenye kafuri na mentholi, ambazo wazazi wengi huzipenda kwa harufu yake kali, hazifai kwa watoto walio chini ya miaka miwili, na hakuna wa umri wowote anayepaswa kuzipaka ndani ya tundu za pua.

Tahadhari nyingine ni ya moto. Nguo, blanketi au kitambaa kilicholoa mafuta ya mgando hushika moto upesi na kuwaka kwa nguvu, jambo lisilo dogo katika chumba ambamo kitanda na stovu vimetenganishwa na pazia.

Na kwa vyovyote vile, mafuta haya huitunza ngozi tu. Mafua yenyewe husababishwa na virusi na hujiishia, aghalabu kati ya siku saba na kumi. Hata vidonge vya kuua bakteria vinavyonunuliwa kiholela dukani haviyafupishi. Mtoto anayepumua kwa kasi, ambaye mbavu zake zinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya, hana tena ugonjwa wa pua. Huyo hupelekwa kwenye kituo cha afya bila kungoja kupambazuke.

Kibera inalifahamu hilo kuliko mitaa mingi. Muuguzi Tabitha Atieno Festo, mkazi wa mtaa huo, alipewa takriban dola 26 na mwanafunzi Mmarekani Rye Barcott mnamo 2000, akazitumia kuuza mboga, na faida yake akaanzishia kliniki ndogo nyumbani kwake. Alifariki 2004. Kliniki iliyobeba jina lake baadaye ilitumiwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na shirika la Marekani la CDC kufuatilia magonjwa ya kupumua na homa miongoni mwa wakazi wa Gatwekera na Soweto.

Tukirudi kwa Chesebrough, maisha yake ya nyumbani hayakuwa na makeke. Alimwoa Margaret McCredy mnamo 1864, naye akaaga dunia 1887. Chesebrough aliishi miaka 46 zaidi.

Kibiashara, aliunganisha kampuni yake na himaya ya mafuta ya Standard Oil ya John D. Rockefeller mnamo 1881. Ilikuwa busara, maana aliyekuwa na visima na viwanda vya kusafishia ndiye aliyekuwa na malighafi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamuru Standard Oil ivunjwe mnamo 1911, kampuni ya Vaseline ikajisimamia tena.

Chesebrough alifariki Septemba 8, 1933 huko Spring Lake, jimboni New Jersey, akiwa na umri wa miaka 96. Yeye aliuhesabu uzee wake kuwa ushahidi wa kile kijiko cha kila siku. Madaktari hawajawahi kumuunga mkono, na hakuna anayeshauriwa kumuiga.

Mwaka huo aliofariki, Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilikuwa ikichunguza masuala ya ardhi nchini Kenya, yakiwemo makazi ya wanajeshi Wanubi ambao walikuwa wamepewa ruhusa ya kuishi katika msitu wa Kibera tangu mwanzoni mwa karne. Kibera wakati huo ilikuwa na miti kuliko mabati.

Kampuni aliyoiacha iliungana na ile ya Pond's mnamo 1955, na 1987 zote mbili zikanunuliwa na Unilever. Hataza yake ilikuwa imekwisha muda zamani, kwa hivyo yeyote mwenye mtambo aliweza kutengeneza mafuta ya mgando, na viwanda vya Kenya havikuachwa nyuma.

Mojawapo ya bidhaa hizo za nyumbani ni Arimis, kikopo chenye picha ya ng'ombe. Yalikusudiwa wakamuaji, ili chuchu za ng'ombe zisipasuke. Wakulima waliomaliza kukamua walijipaka yaliyosalia mikononi, wake zao wakayapaka kwenye midomo iliyokauka, na watoto wakapelekwa shule miguu iking'aa, bila kungoja mkemia yeyote awaeleze kwamba yanafaa.